Ukungu ndani ya taa ya gari: kilichonisaidia hapa Goma

Taa yangu ya kushoto imekauka, na mvua za wiki mbili hazijaurudisha ukungu. Kabla ya hapo nilizungusha silikoni kioo chote, matone yakazidi. Nikaianika juani, yakarudi kesho yake.

Kumbe tatizo lilikuwa nyuma. Taa hupumua kupitia mrija mdogo wa mpira ulioelekea chini. Wangu ulizibwa na vumbi jeusi la volkano, na tundu la pili nililiziba mwenyewe kwa silikoni! Nikaitoa taa, nikabandua silikoni, nikazibua mrija kwa waya mwembamba. Nikatoa ampulu (balbu ya taa) bila kuigusa kioo, nikakausha ndani kwa mashine ya nywele, hewa vuguvugu tu, maana plastiki hupinda. Mwisho nikaweka mpira mpya kwenye kifuniko cha nyuma. Wa zamani ulikuwa umepasuka.