Mgongo wangu, baridi ya Juni na kujifunza kusogea polepole

Baridi ya Juni imeshaingia Mbeya na mgongo umekaza tena, sio kama miaka ile lakini asubuhi kiuno kinakuwa kigumu mpaka kuinama kuvaa viatu ni kazi, na kwa sababu wengi mnaniulizaga nimefanyaje mpaka nimerudi kwenye cherehani leo nimeamua kuandika.

Mi ni fundi nguo pale Mwanjelwa. Kazi yetu mnaijua, umeinama tangu asubuhi mpaka jioni. Maumivu yakianza mtu unachuliwa, unameza diklofenaki, unajipa moyo. Yangu hayakuisha. Nilipiga eksirei nikaambiwa pingili za uti wa mgongo zimelika kidogo, na hilo neno "zimelika" likanikaa kichwani vibaya sana, nikaanza kuogopa kila kitu, kubeba ndoo naogopa, kupanda bajaji naogopa, hata kupiga chafya. Alafu sehemu nyingine nikaambiwa ni mawazo tu. Jamani hilo neno linaumiza kuliko kiuno chenyewe, kwa sababu ukilala usiku unageuka huku unalia alafu mtu anakwambia unajitungia, inakukata kabisa.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Alikaa na mimi akanieleza taratibu kwamba maumivu yakizidi miezi mitatu yanahesabiwa kuwa ya muda mrefu, na mara nyingi hapo hayapimi tena kiasi gani umeumia, mishipa ya fahamu na ubongo vinakuwa vimezoea kutoa taarifa ya hatari hata kwa kitu kidogo, kama mbwa wa mlinzi anayebweka hata mwenye nyumba akipita. Na akasema watu wengi umri ukienda pingili zao zinaonekana zimelika kwenye picha na hawaumwi popote. Nikamuuliza, "Kwahiyo dada, ni kichwani kweli?" Akajibu, "Hapana mama, maumivu ni ya kweli kabisa, ila ubongo ni sehemu ya mwili, na wenyewe unafundishika." Hapo ndo nilipumua.

Alivyonifundisha ni hivi. Nalala chali kwenye mkeka, nimekunja magoti, naweka mkono tumboni, navuta pumzi mpaka mkono unyanyuke, alafu nikiitoa naacha kiuno kigandamize mkeka kidogo, kidogo sana, narudisha. Basi. Sio kujikamua jasho. Kinachotakiwa ni akili iwe hapohapo kwenye kiuno, uskie upande gani unakaza, upande gani umelegea, na ukifika pale panapoanza kuuma usilazimishe wala usikimbie, punguza tu kidogo uendelee kupumua. Nilichogundua kilinishangaza, yaani kila nilipotaka kuinuka kwenye kiti nilikuwa nabana pumzi na kung'ata meno kabla hata sijaumia, mwili mzima umeshajiandaa kwa vita, na misuli ikikaza hivo kutwa lazima iume.

Kuna jirani aliniambia kwa upendo kabisa niwe makini, hayo ni mambo ya dini ya Kihindi. Namheshimu, lakini mi nasali kwanza alafu nalala kwenye mkeka wangu, na pumzi ni Mungu kanipa. Hata hospitali za wenzetu wanatumia, huko Marekani mtaalamu mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kufundisha wagonjwa wa maumivu sugu kukaa na pumzi na kuusikiliza mwili kiungo kwa kiungo. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 walitoa mwongozo wa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wakapendekeza mazoezi, elimu na msaada wa kisaikolojia, na ile mikanda ya kiuno tunayouziwa wakasema isiwe tiba ya kawaida. Inanisikitisha nikiona mama anatoa hela ya chakula kununua mkanda.

Ila tusichanganye mambo. Ukiona miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, mkojo unakutoka bila kujua, au una homa na unakonda, hiyo sio ya mkeka, nenda hospitali leoleo.

Saivi nikitoka Kabwe kwenda kazini natembea badala ya bajaji, naskia kisigino kinavyogusa chini, mabega nayaachia, mlima Loleza uko palepale mbele ya macho. Siku za kuumwa zipo bado. Siku hizo nafanya nusu, ila silali kitandani kutwa, na siku nikiwa mzima sifidii kwa kushona mpaka usiku, maana hapo ndo huwa inarudi kwa nguvu.

Shule zikifungua Julai sare zitakuwa nyingi, kwahiyo nimeshaongea na mwenzangu wa kwenye fremu kwamba kila tukimaliza nguo moja tunasimama wote wawili, tunapumua, tunazungusha kiuno taratibu ndo tunashika nyingine. Amekubali, na yeye shingo inamsumbua.