Jaduong' alianguka lori ikiwa imesimama

Ukiambia mtu dereva wa lori ameumia, swali la kwanza huwa ni "wapi, Salgaa ama Sachangwan?" Na si kwamba watu wanadanganya, hio barabara ya mteremko ya kuja Nakuru imekula watu wengi, sidhani kuna mtu wa Nakuru amesahau ile tanki ya mafuta ya Januari 2009 pale Sachangwan, zaidi ya watu mia moja wakafa kwa moto, wengi wakiwa wameenda kuchota petroli. Lakini mimi nimekula kwa malori tangu nikiwa turniboi, yaani msaidizi wa dereva, na dereva niliyeona akiumia vibaya kuliko wote, gari yake haikuwa inatembea. Injini imezimwa, hendibreki imevutwa, mawe nimeweka mimi mwenyewe kwa tairi.

Hii ni Novemba 2016, msimu wa mahindi. Tumetoka Kitale na lori ya Fuso FH, gunia kama mia hivi za kilo 90, hapo ni tani 9, tunapeleka kwa kampuni ya unga Nakuru. Dereva tulikuwa tunamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, mtu wa Ahero, umri umepita hamsini, maneno kidogo. Huyo mzee hakuwa na haraka na mtu. Kushuka Sachangwan anaingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, anaweka breki ya ekzosi, ile inapunguza mwendo kwa injini, malori zingine zinatupita zikiwa nyutro, gia imetolewa, dereva akiokoa dizeli ya bosi, nami kijana moyo unanidunda naona tunaaibishwa, yeye ananiambia tu, "Waache waende. Breki ikishika moto haijui mtu." Kwa hivyo kichwani mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba nikiwa na Jaduong' niko salama, ajali ni ya wale wengine.

Siku hio tuliamka saa kumi alfajiri. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari ya biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 kwa kila masaa 24, na kwa hio hesabu Jaduong' alikuwa sawa kabisa, kwa usukani hata masaa 6 hakuwa amefikisha. Sasa kabla ya hapo je? Alikuwa amesimama kwa stoo Kitale tangu asubuhi anahesabu gunia, anazozana na watu wa kupakia, anapanda juu kupanga mzigo usiegemee upande mmoja, chakula ni chai na mandazi mbili. Hayo masaa hayaandikwi popote. Mwili wake lakini ulikuwa umeyaandika yote.

Tukapita Burnt Forest, tukapita Timboroa na ile baridi yake ya kukata masikio, na kufika kituo cha mafuta cha Total pale Mau Summit, njia panda ya Kericho, matone yakaanza. Makubwa. Na mahindi si mchanga, kiwandani wanapima unyevu, ikipita asilimia 13.5 mnarudishwa na mzigo wenu, na bosi hatakuuliza kama mvua ni yako. Jaduong' akatoa gari pembeni.

Turubai tuliyopewa ilikuwa ya zamani, imeshonwa ikashonwa tena, na kamba zake zimelika mpaka unaona nyuzi zimetoka nje. Tulikuwa tumeomba kamba mpya. Tulikuwa tumeomba na ngazi pia, tukaambiwa ngazi huibiwa. Kwa hivyo kupanda juu ilikuwa ni kukanyaga tairi, kushika bodi, unajivuta na kifua. Kawaida hio ilikuwa kazi yangu, lakini siku hio mzee akasema, "Wewe kaa chini ushike kamba, juu nitafunga mimi, hii mvua haitangoja ujifunze."

Kuna kitu sikujua wakati huo ambacho sai nakiona kila siku. Ukikaa kwa kabini masaa manne matano, gari inakutikisa mfululizo, ukishuka miguu si yako. Imekufa ganzi, goti halikunjiki vizuri, mgongo umekaza. Ndio wakati mbaya kabisa wa kuruka au kupanda kitu, unafaa kwanza utembee utembee kidogo hapo kando ya gari, ukojoe, unyooshe miguu, ndio ushike kazi. Na ndio wakati sisi hupanda, kwa sababu kinachotusimamisha ni mvua ama polisi ama pancha, na hakuna kati ya hizo inayokungoja ujinyooshe.

Alipanda. Akasimama kwa gunia za mwisho kabisa, mgongo umeangalia nje, akaanza kuvuta kamba kuja kwake na uzito wote wa mwili, na nikiwa chini namwona visigino viko pembeni kabisa. Kamba ikakatika. Hakukuwa na kitu kingine kilichokuwa kinamshika, alikuwa amejishikilia na ile kamba tu. Kutoka hapo juu mpaka chini ni kama mita 3, alitua na visigino, halafu akakaa. Hakupiga kelele. Alisema tu "aah", kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu amesahau nyumbani, na uso ukabadilika rangi.

Watu wakajaa, watu wa boda, makondakta, kila mtu na roho nzuri, mmoja ameshamshika makwapa mwingine miguu, wanataka kumkunja waingize kwa gari ndogo, probox. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa kuuza viazi. Alikuja akisukuma watu na mkono, "Msimkunje! Mmeona ameanguka na miguu, hapo mgongo umeguswa, mwacheni chini!" Akamwaga viazi zake kwa matope, akang'oa ubao wa meza, tukausukuma polepole chini ya mzee watu wanne, mmoja ameshika kichwa kisigeuke, tukamfunga na leso zake mbili. Pikapu ya kabeji ikatubebea mpaka Molo, na kutoka Molo akapelekwa Nakuru. Zile leso sijui kama alizirudishiwa.

Mimi nilibaki na gari. Bosi akapiga simu, na nikimpa haki yake, swali la kwanza lilikuwa kuhusu mzee. La pili lilikuwa mahindi. La tatu akaniambia niilete gari mimi.

"Bosi, mimi sina leseni."

"Si huwa unaipaki hapa yadi? Ni kilomita hamsini hivi, weka gia ya tatu utulie."

Tani 9, mvua, usiku unaingia, na kati yangu na Nakuru iko Sachangwan. Nikamwambia siwezi. Akanitusi, nikamwambia pole bosi lakini siwezi, nikazima simu nikijifanya chaji imeisha.

Sasa hapa ndio iliniuma. Madereva wawili wa trela waliokuwa wamepaki hapo walikuja kunisaidia kufunika. Hakuna aliyepanda. Walichukua kamba yao wakafunga kipande cha mbao kwa ncha, wakairusha juu ikaangukia upande ule mwingine, mmoja huku mmoja kule, wakavuta turubai ikapanda yenyewe juu ya mzigo, wakafungia kwa ndoano za bodi wakiwa wamesimama kwa matope, wanavuta kwa upande si kwa kuegemea nyuma, mguu mmoja mbele, ili kamba ikikatika mtu anapepesuka tu. Ilichukua muda wa kunywa chai. Wakaenda zao. Kumbe ilikuwa inawezekana kutoka chini, ukiwa na kamba nzima.

Hospitali walikuta visigino vyote viwili vimepasuka na mfupa mmoja wa chini mgongoni umebonyea. Daktari alimwonyesha binti yake kwa picha nikiwa hapo, akasema hivi vitu hutembea pamoja, mtu akianguka kwa miguu nguvu inapanda kutoka kisigino mpaka uti wa mgongo, kwa hivyo wakiona kisigino lazima wapige picha ya mgongo. Nikamfikiria yule mama wa viazi.

Halafu ikaanza ile ingine. Bosi akasema hio si ajali ya barabarani, gari ilikuwa imesimama, bima ya gari haihusiki, mzee alijiangusha, atamsaidia tu kwa ubinadamu. Na mzee alikuwa karibu kukubali, maana hata yeye aliona ni aibu, dereva wa miaka hio yote aanguke kutoka kwa gunia. Ni binti yake alikataa. Alienda ofisi ya serikali ya usalama kazini hapo Nakuru, akarudi na habari kwamba kuna sheria ya 2007 ya fidia ya kuumia kazini, na hio haiulizi kama tairi zilikuwa zinazunguka. Inauliza kama uliumia ukifanya kazi ya mwajiri. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya wafanyakazi wake, na akijulishwa ajali ana siku 7 za kuripoti. Ukipata ulemavu wa kudumu kabisa hesabu ni mshahara wa miezi 96, na ukiwa wa sehemu tu unapata asilimia ya hio.

Wakaniita niandikishe nilichoona. Bosi alikuwa ameshasema mzee alipanda kwa hiari yake. Mimi nikaeleza kamba, nikaeleza ngazi, nikaeleza nani aliomba na nani alijibu nini. Nilitoka hapo nikijua kazi imeisha, na kweli iliisha, hakunifuta, aliacha tu kunipigia.

Jaduong' alilipwa, ilichukua zaidi ya mwaka na si pesa zote alizohesabiwa mwanzo. Anatembea, lakini kukaa kwa usukani hawezi tena, yuko Ahero na mpunga wake, na ukimpigia anauliza kwanza uko na gari gani.

Mimi nilienda shule ya udereva nikapata leseni, na nilipoandikwa na huyu bosi wa sasa nilimuuliza kuhusu ngazi kabla sijamuuliza mshahara. Akacheka sana. Alinunua ya chuma, nikaifunga na mnyororo nyuma ya kabini. Imeibiwa mara moja, Webuye. Akanunua ingine.