Piko ilivyoniunguza

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Ijumaa, nikachorwa mkononi maua ya piko, ile rangi nyeusi, na ya hina. Jumapili mkono ukaanza kuniwasha, na kufika jioni kila ua la piko limevimba, malengelenge yamefuata mchoro hadi vikonyo. Ajabu, maua ya hina nyekundu yaliyokuwa ubavuni mwake yalikuwa laini kabisa.

Shangazi akasema ni kijicho. Daktari wa ngozi aliutazama tu mkono, akaniandikia krimu ya steroidi. Piko ni rangi ya nywele, ina PPD, kemikali inayotia weusi, na mwili ukishaikataa kemikali hiyo kwa kawaida huikataa maisha. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2, tena si kwa kuchora ngozi. Huku kwetu mchoraji hukoroga unga kwa kukisia.

Mvi zangu sasa natia hina ya majani. Zinatoka rangi ya chungwa, basi.