Desemba ya Matofali Madogo

Mwaka huu kaka alikuja nyumbani Krismasi na watoto wake wawili, na katika masanduku waliyobeba kutoka Denmark, moja halikuwa na nguo hata kidogo. Lilijaa Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyobandikwa kimoja juu ya kingine. Kulikuwa na boksi jipya la nyumba ya Krismasi, zile ambazo paa lina theluji na mlangoni kumetundikwa shada, pamoja na mfuko mkubwa wa kitambaa wenye vipande mchanganyiko vilivyokusanywa tangu yule mkubwa hajajua kusoma. Mama alisogea akidhani zinatoka sabuni na chokoleti. Akachungulia, akasema, "Haya, mmenibebea kokoto."

Kwetu ni Marangu. Kwa asiyeijua Desemba ya Uchagani: kila mtu anarudi. Mabasi yanajaa, nauli inakuwa jambo la kuzungumzwa kwenye familia, na wenyewe tunasema tunakwenda kuhesabiwa. Ukishahesabiwa, unaulizwa. Utaulizwa habari za ndoa na za kazi, lakini swali lenyewe hasa ni nyumba. "Na ya kwako imefikia wapi?" Ya kwangu imefikia kwenye lenta, ule ukanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, na haionekani kuwa na haraka. Majibu ninayo tayari, saruji imepanda, fundi kapata kazi Arusha, na wanaouliza wanayajua kama mimi. Kwa hiyo jioni wageni walipozidi sebuleni, mimi nilikuwa mkekani na watoto, najenga.

Boksi lile jipya lilikuwa na mifuko yenye namba. Unafungua wa kwanza, unafuata kitabu cha picha, ukimaliza unakwenda wa pili. Huo ndio utaratibu wa Denmark. Watoto wa dada yangu, ambao wanaishi hapa hapa, walishaifungua yote na kuimwaga kabla mwenyewe hajamaliza kueleza. Mtoto wa watu akasimama, midomo inatetemeka. Mama hakusema neno. Alikwenda jikoni akarudi na ungo, akakumba vipande vyote akavitia humo, akaketi kwenye kigoda chake. Akauinamisha ungo kidogo na kuutikisa. Vya duara vikakimbilia ukingoni, vipana vikabaki katikati. Vidole vikaanza kuchambua vile vile vinavyochambua mchele: vyeupe huku, vya kahawia kule, vile vidogo kabisa vya taa kwenye kifuniko cha sufuria. Kitabu hakukigusa. Muda si mrefu alikuwa anaulizwa, "Bibi, cheupe chenye nundu moja," naye anakitoa bila kutazama.

Baba ni fundi mwashi mstaafu. Nyumba nyingi za mawe na tofali za kijijini kwetu zimepita mikononi mwake, na michezo haimvutii. Lakini alipopita aliona ukuta wa watoto wa dada, uliopangwa tofali juu ya tofali, viungo vyote vikiwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Hilo hakuweza kulivumilia. "Pishanisheni! Kiungo kikae katikati ya tofali la chini. Huo ukuta ukipigwa na upepo hamna nyumba." Wakausukuma kujaribu, ukapasuka katikati kama alivyosema. Basi akavuta kiti.

Alichukua tofali moja jekundu, lile la kawaida lenye vinundu vinane, akaligeuza na kupitisha kidole gumba kwenye vibomba vitatu vilivyo chini. Akauliza hili linashikaje bila udongo. Mtoto wa kaka, kwa Kiswahili chake cha kupandisha na kushusha sauti kama mama yake, akamweleza: matofali ya mwanzo yalikuwa wazi kwa ndani, yakawa hayashiki vizuri. Ndipo wakaweka vile vibomba, vinundu vikawa vinabanwa pande zote, na hati ya uvumbuzi ikaombwa tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka huo bado linaingia kwenye la leo. Baba alilirudisha mkononi, akalibandika kwenye jingine, akalibandua, akalibandika tena. Najua alikuwa anawaza nini. Tofali za kuchoma za tanuru moja huwa hazilingani, sembuse za miaka zaidi ya sitini.

Kilichomkamata Baba zaidi ni habari ya yule mzee aliyeianzisha kampuni ya Lego. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, akijengea wakulima nyumba na samani. Mwaka 1924 karakana yake iliungua, maana wanawe walichezea moto kwenye maranda ya mbao; mmoja wa watoto hao, Godtfred, ndiye aliyekuja kulisimamia lile tofali la 1958. Akajenga upya. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, wakulima wakakosa fedha, hakuna aliyejenga, na mwaka 1932 akageukia vitu vidogo vya mbao: ngazi, vigoda, na vya kuchezea watoto. "Kumbe watu walisimamisha ujenzi," Baba akasema, "ndipo fundi akajenga vya kuchezea." Akanitazama kwa jicho ambalo nililielewa vizuri sana. Lenta yangu nayo ikatajwa bila kutajwa.

Ugomvi mkubwa wa likizo ulianzia kwenye hesabu. Mtoto wa kaka alidai kwamba matofali sita ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Binamu zake wakamwambia hiyo ni kamba. Nikapendekeza waanze na mawili tu, ambayo jibu lake ni 24, wahesabu wenyewe. Walichora kila namna kwenye daftari, wakafika karibu na ishirini, hapo vita vikaanza, kwa kuwa kuna namna ukiigeuza inakuwa ile uliyokwisha kuichora. Wengine wanafuta, wengine wanakataa isifutwe. Usiku umeme ulikatika na hesabu ikaendelea kwa tochi ya simu. Sijawahi kuona watoto waliofunga shule wakijiadhibu kwa hisabati kwa hiari yao namna ile.

Nyumba ya theluji ilikamilika mkesha wa Krismasi, ikapendeza, ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Kwa kweli haikuchezewa sana baada ya hapo. Mtoto mdogo wa kaka aliuliza kwa nini hapa Krismasi haina theluji, na asubuhi moja kabla ya mawingu dada akamtoa uani amwonyeshe Kibo, kilele cha Kilimanjaro: theluji ipo, imekaa juu tu. Akaridhika. Raha ilikuwa kwenye ule mfuko wa mchanganyiko. Kwenye huo hakuna kitabu. Wakajenga kwetu: migomba ya vipande vya kijani, zizi la ng'ombe, mtaro wa maji unaopita kando, na mtu mdogo wa njano aliyevalishwa kofia akaitwa Babu. Siku ya pili wakabomoa zizi kwa sababu ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko mlango. Dakika tano, kimya, limejengwa jingine. Mimi ambaye kila tofali nililoliweka Marangu nimelilipia na kulipigia simu, nilikaa nikalitazama lile zizi likivunjwa bila mtu kutoa hata shilingi, nikacheka peke yangu.

Hizi za Denmark ni ghali, nisidanganye. Kariakoo zipo za bei nafuu zinazoingiliana nazo, kwa sababu hati ya tofali lile ilishaisha muda na yeyote anaruhusiwa kutengeneza. Nimewahi kununua. Baadhi zinashika vizuri, baadhi zinalegea mpaka mtoto anakata tamaa.

Kaka ameondoka na nyumba ya theluji, mfuko wa mchanganyiko umebaki. Watoto walikubaliana hivyo baada ya mazungumzo marefu kuliko ya urithi. Mama anauhifadhi kwenye debe la maharage, na Baba ana sahani yake dirishani ambayo haruhusiwi mtu kuigusa, kwa sababu kuna nyumba anaijenga taratibu kila baada ya chai. Kuta zimesimama, viungo vimepishana sawasawa, kona amezipima kwa timazi yake ya zamani. Vipande vya paa vimemwishia. Jana kanipigia simu Dar es Salaam nimwambie kaka asisahau, mwakani aje na mabati.