Kanda za VHS hadi kompyuta: ninavyofanya mimi

Wengi huanzia kwenye programu. Mimi naanzia kwenye deki, kwa sababu kilichoharibika pale hakuna uhariri utakaokirudisha.

Nachomoa umeme, nafungua mfuniko, nalowesha ngozi laini isiyotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Naishikilia ngozi bila kuisogeza huku nikizungusha kwa mkono silinda yenye vichwa, yaani visomaji vya kanda. Ukisugua juu na chini utavunja kichwa, na pamba huacha nyuzi zinazonasa humo humo. Kanda yenye ukungu mweupe kwenye dirisha lake, jambo la kawaida kwa zilizokaa Pwani, haiingii kwenye deki nzuri: ukungu utahamia kwenye vichwa na kanda zitakazofuata. Iliyo safi naipeleka mbele hadi mwisho, nairudisha nyuma, na navunja kile kijiplastiki cha mgongoni isije ikarekodiwa juu yake.

Waya ni tatu: manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki ya sauti moja naichomeka kwenye nyeupe, kisha nanakili upande huo wakati wa kuhariri. Kanda zilizorekodiwa Kenya na Tanzania kwa kawaida ni za mfumo wa video wa PAL, kwa hiyo naweka ukubwa wa picha 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Ya ndugu aliyeko Marekani ni ya mfumo wa NTSC, na inataka deki inayoisoma. Ukikosea mfumo, picha inakosa rangi au inaviringika.

Tatizo linalosumbua kuliko yote ni sauti kuachana na picha. Kanda ya zamani haiendi kwa mwendo sawasawa, kifaa cha USB kinachoingiza picha kwenye kompyuta kinapoteza fremu, lakini sauti yenyewe inaendelea. Ndiyo maana narekodi kwa programu ya VirtualDub, nikiangalia hesabu ya fremu zilizopotea. Ikipanda mfululizo, nasimama, narekebisha “tracking” (jinsi vichwa vinavyofuata mistari ya kanda), naanza upya. Njia iliyonifaa zaidi ni kupitisha ishara kwenye mashine ya kurekodia DVD iliyo kati ya deki na kompyuta. Nyingi huituliza picha.

Narekodi kwa HuffYUV, njia ya kubana video isiyopunguza ubora, gigabaiti 30 hivi kwa saa. Diski iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, maana FAT32 inakomea kwenye faili la gigabaiti 4.

Kila fremu ya VHS ina nusu mbili, mistari shufwa na witiri, ndiyo sababu kitu kinachokwenda mbio huonekana na kingo kama meno ya kitana. Kichujio cha bwdif katika programu ya ffmpeg kinazitenganisha nusu hizo kuwa fremu 50 kwa sekunde. Kisha naweka ukubwa wa 768 kwa 576, watu wasionekane wamebanwa. Ule mstari uliochanika chini kabisa ya picha siukati, naufunika kwa weusi; ukiukata, umbo la 4:3 linaharibika.