Malaki haina sura ya tatu peke yake

Jumapili ya uwakili, yaani ya kufundishwa kutunza na kutoa mali tuliyokabidhiwa na Mungu, ikifika mi najua kabisa tutasoma wapi, ni Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani, halafu bahasha zinapita. Sina ugomvi na huo mstari jamani, zaka natoa na nitaendelea kutoa, ila hicho kitabu kina sura nne tu na ukianzia mwanzo unakuta walioanza kubanwa ni makuhani, kwa sadaka za wanyama vipofu na vilema, na sura ya 2 inafunguka kwa kuwaambia wao hao kwamba amri hii inawahusu. Hapo mbona hatusomi?

Maana uwakili hauishii kwa mtoaji. Hela ikishatua kwenye kikapu kuna mwingine amekabidhiwa, naye ni wakili vilevile.

Nenda 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza hela itengeneze nyumba ya Bwana, mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani hawajaziba hata ufa. Alichofanya hakuhubiri watu waongeze sadaka, alibadilisha utaratibu: kasha lenye tundu kwenye kifuniko, na likijaa anakuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja ndo wasimamizi wa kazi wanapewa wawalipe mafundi. Najua kuna watu watanirukia na mstari wa 15, eti hao wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Sawa, lakini hiyo hela ilishahesabiwa na wawili kabla haijatoka, tusiruke huko.

Na Paulo naye, mtume mzima, mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuubeba kienyeji, aliwaambia Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuupeleka (1 Wakorintho 16:3), na kwenye 2 Wakorintho 8:20-21 anasema wazi anajihadhari asije akalaumiwa na mtu, anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Sasa sisi mtu akiuliza ripoti ya mhazini anaambiwa ana roho ya uasi, kweli?

Halafu ile ya kusoma majina na kiasi alichotoa kila mtu mbele ya ibada, mi inanikera sana. Paulo kasema sadaka inakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, sio asivyo navyo, sasa mama aliyetoa kidogo ambacho ndo kila kitu alichonacho unamsoma wa mwisho ili iweje? Wasome matumizi bwana, sio majina. Kiasi gani kimeingia, kimeenda kwenye nini, wajane na yatima wamepata nini, maana hata kwenye Kumbukumbu la Torati 14 zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa ya Mlawi pamoja na mgeni, yatima na mjane, sio ya jengo.

Mkutano mkuu wa kanisa ukifika nitanyoosha mkono kuuliza hilo la wajane, na bahasha yangu itakuwa imeshaingia, asije mtu akasema nauliza ili nisitoe.