Dambeli ya Bomba la Inchi Mbili

Jimu yetu pale Buguruni ilikuwa kiwanja nyuma ya nyumba ya Mjomba, kimezungushiwa mabati, na chuma chenyewe humo ndani kilikuwa kidogo. Uzito mwingi ulikuwa zege: makopo na ndoo za rangi zilizojazwa zege, katikati kipande cha bomba la maji. Mjomba (hakuwa mjomba wa mtu pale, mtaa mzima ulimwita hivyo) alizifyatua mwenyewe, na kila mara alitumia bomba la inchi moja.

Mwaka ule jirani kulikuwa na ghorofa linajengwa. Fundi bomba wa pale akamwachia vipande vya inchi mbili, na Mjomba si mtu wa kuacha cha bure. Akatafuta ndoo mbili za lita 10, akamimina zege, akaliacha likauke. Tulipoipeleka kwenye mizani ya muuza mkaa, ikasoma kilo 52. Uzito wa kawaida tu. Tulikuwa na dambeli nyingine ya kilo 50, ya bomba jembamba, ambayo watu walipigia mgongo kwa mkono mmoja huku wakibishana habari za Simba na Yanga.

Jumamosi jioni Mjomba akaiburuta mpaka katikati ya kiwanja. "Atakayeinua hii kwa mkono mmoja mpaka magotini, kreti ya soda juu yangu."

Wa kwanza alikuwa baunsa mmoja aliyekuwa akilinda mlango wa klabu ya usiku. "Shikamoo Mjomba. Agiza kreti kabisa, ziwe za baridi." Akainama, akashika, akavuta. Miguu ikanyooka, mgongo ukanyooka, dambeli ikabaki chini. Mtu kasimama wima, vidole vimekunjwa, hamna kitu mkononi. Tulicheka hadi mke wa Mjomba akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Baada ya hapo kila mtu akataka zamu. Mmoja alisaga chaki ya ubaoni akajipaka viganja, ikamsaidia kidogo, dambeli ikainuka kidole kimoja ikadondoka. Mwingine akaviringishia kitambaa kwa sababu ya jasho la Dar, na hapo ndipo alipojimaliza, maana jasho lilikauka lakini bomba likazidi kunenepa.

Nilipofika mimi ndipo nikaelewa. Kwenye bomba jembamba vidole vinazunguka mpaka dole gumba linavipanda juu na kuvifunga, kiganja kinakuwa ndoana, na hata ukichoka ndoana haifunguki upesi. Kwenye lile nene dole gumba langu na vidole vilikuwa vinatazamana kwa mbali. Ncha za vidole hazikufika hata chini ya bomba vizuri. Nilipovuta, sikuhisi uzito mgongoni wala begani. Niliuhisi kwenye pingili za mwisho za vidole, na kwenye nyama ya dole gumba, ambalo lilikuwa linapigana peke yake upande wake. Kisha bomba likaanza kujiviringisha kuelekea kwenye ncha za vidole. Limekamatwa na zege huku na huku, kwa hiyo likizunguka linazunguka na ndoo zote mbili, na kilo 52 zikishaanza kuzunguka huzizuii kwa vidole vitatu. Kwenye chuma kirefu cha mikono miwili ungegeuza kiganja kimoja kitazame mbele na kingine nyuma, kila mkono ukazuia mzunguko wa mwenzake. Mkono mmoja hauna mwenzake.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na Jumatatu niliazima venia, kile kifaa cha kupimia unene, nikaja nayo. Bomba la inchi moja: milimita 33 na ushee kwa nje. La inchi mbili: 60. Hizo inchi za dukani zinahesabu tundu, unene wa nje unaupata mwenyewe mkononi. Miaka baadaye nikasoma habari za Thomas Inch, mbeba vyuma wa Scarborough, Uingereza, aliyetembea na dambeli ya kilo 78 hivi na kutangaza pauni 200 kwa atakayeiinua. Wanaume wenye nguvu kuliko yeye walishindwa. Mshiko wa dambeli hiyo ulikuwa na unene wa karibu milimita 60, ule ule wa bomba la Mjomba! Na yule bwana alikuwa mjanja: alikuwa na dambeli nyingine zinazofanana na hiyo kwa sura, ila nyepesi.

Ujanja wetu tuliupata kwa kipa wa akiba wa timu ya mtaa, kijana mwembamba mwenye vidole virefu ajabu. Hakushika katikati. Alisogeza mkono mpaka ukagusa ndoo moja, akavuta upande huo kwanza, dambeli ikasimama mshazari. Sasa ndoo ya juu ikawa imekalia ngumi yake na bomba halina pa kujiviringishia. Akainyanyua yote mpaka magotini, akaitua, akanyoosha mkono kudai kreti.

"Hiyo umeipakata, hujaiinua," Mjomba akasema.

"Mjomba, magoti yangu haya hapa. Nionyeshe ulipoandika kwamba ndoo isinikalie."

Kelele zikalipuka. Mimi niliungana na Mjomba, ingawa kwa akili ile kijana alistahili chupa kadhaa. Ugumu wote wa kitu kile ulikuwa kwenye unene wa bomba, na yeye aliukwepa kabisa. Hata angewekewa bomba la inchi nne angefanya vile vile. Baunsa, wa kushangaza, alimtetea kipa kwa sauti kuliko wote.

Wakaishia nusu kreti. Kesho yake kwenye bati kukawa na maandishi ya mkaa: NDOO ZOTE MBILI ZITOKE CHINI PAMOJA. MKONO MMOJA. Kipa akasoma taratibu, akauliza kama mkono wenyewe ni lazima uwe wake.